Tumbo la Shehe Faradji

Jumanne, 2 Machi 1954

Jana tumemzika. Alikata roho alfajiri, kabla ya adhana, ameshika mkono wangu hata kucha zikaniingia. Sikuutoa. Nilitaka nimwone vizuri, nijue kama naye anaogopa kama alivyokuwa akiwaogopesha wengine. Aliogopa.

Leo nimeanza eda. Miezi minne na siku kumi sitoki nje ya ua huu, sivai nguo ya rangi, sijipaki mafuta ya kunukia, na mwanaume anayeweza kunioa hanioni. Ndiyo maana nimelikumbuka daftari hili. Baba alikuwa karani wa Wajerumani, akanifundisha herufi ili nije nimsomee akizeeka. Hakuzeeka. Basi nitajiandikia na kujisomea mwenyewe.

Wanawake wamejaa uani tangu asubuhi. Kila anayeingia anapiga yowe mlangoni, akishakaa ananyamaza, kisha anauliza kama chai ina sukari. Shehe alikuwa nguzo. Shehe alikuwa baba wa kampi nzima ya Waswahili, mtaa tuliotengewa sisi Waislamu. Mama mmoja amelia mpaka kamasi zikamwingia mdomoni – mumewe ndiye yule aliyetandikwa viboko na Shehe mbele ya msikiti kwa kunuka pombe. Mwaka jana tu!

Dauda, mdogo wake marehemu, amewaapisha waosha maiti wasiseme walichokiona. Walichokiona ni tumbo. Mimi nililiona likikua tangu Desemba, sihitaji kuapishwa. Lilijaa maji, ngozi ikavutika ikang'aa kama tikiti. Sanda haikutosha kwa mbele, ikabidi kuongeza kitambaa. Kampi nzima inajua kwamba kiliongezwa kitambaa.

Alhamisi, 4 Machi

Hitima ya siku tatu. Wamesoma kidogo, wamekula sana.

Bi Saidati, jirani yangu, amehamia kwangu anisindikize. Ni mjane wa siku nyingi, anajua sheria zote za kukaa ndani na habari zote za nje. Leo nimesema mbele yake kwamba Faradji alikuwa mtu mkali. Neno hilo moja. Akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka kitunguu.

"Mwanangu, maiti hasemwagi. Udongo yake ingali mubichi."

Nikamwuliza utakauka lini. Akasema mwaka huu mvua ni nyingi.

Jumapili, 7 Machi

Niandike habari ya karabai, maana ndiyo inayochemka huko nje.

Msikiti wetu ulikuwa na karabai moja, ile taa ya pampu, waliyoileta wafanyabiashara kutoka Usumbura. Nuru yake ilifika mpaka barabarani, na tulijivuna nayo kwa sababu mapadri nao walikuwa na ya kwao. Mwezi wa Novemba ikapotea. Faradji akasema mwizi ni Nyirahabimana, anayefagia msikiti. Kwa nini yeye? Kwa sababu ni wa kuja katika dini. Ni mtoto wa wavuvi wa huku ziwani, alibatizwa, akaolewa na dereva wetu mmoja akasilimu, dereva akafa akamwachia wasichana wawili na biashara ya samaki. Hana kaka wa kumsimamia. Mtu wa namna hiyo akisingiziwa hakuna anayepoteza kitu.

Alikana. Faradji akakusanya wanaume wakamsomea halbadiri. Walitaja majina yote ya mashahidi wa Badri, kisha wakamwapiza mwizi: tumbo limvimbe mpaka limuue. Baada ya hapo kazi ya kampi ikawa kungoja tumbo la Nyirahabimana. Sokoni walimtazama kiunoni kabla ya kumtazama usoni. Samaki wake wakamwozea kwenye kikapu. Hakuna aliyempa moto wa kuwashia jiko, na wasichana wake wakafukuzwa chuo cha Kurani. Mwanamke mmoja alimwomba afungue kanga kidogo ili watu waone.

Tumbo lake likabaki bapa. La Faradji ndilo likaanza.

Muuguzi wa hospitali alisema ni ini. Faradji akanikataza kulirudia neno hilo.

Jumamosi, 13 Machi

Jana Dauda amehutubu. Sasa yeye ndiye anayeongoza msikiti. Bi Saidati alisikilizia dirishani akaniletea yote yakiwa bado moto.

Kumbe kampi imepata maelezo! Swali limeikalia rohoni tangu mazishi: mwizi ndiye huvimba, mbona amevimba Shehe? Mtu mwenye akili angeishia hapohapo. Wao wamezunguka. Wanasema Nyirahabimana ana dawa za kwao ziwani, ameigeuza halbadiri njiani ikamrudia msomaji. Kwa hiyo si mwizi tu, ni mwuaji wa mtu wa Mungu. Siku ya arobaini, dua ikishaisha na pilau ikishaliwa, atachukuliwa yeye na wasichana wake, watavushwa barriere, kizuizi cha mpakani, kwenda Goma, na nyumba yake itavunjwa. Karani wa mzungu wa serikali amekwisha kuambiwa kwamba mwanamke huyu hana mtu wa kumdhamini hapa kampini.

Nilicheka. Bi Saidati akadhani nalia, akaniletea maji.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Wanafunzi wake wamemtungia kaswida, wanaifanyia mazoezi barazani kwangu. Humo ndani Faradji analisha mayatima. Ningependa kuonyeshwa yatima mmoja.

Asubuhi nilijikuta nimetoa vikombe viwili. Nimekasirika siku nzima.

Jumatatu, 22 Machi

Leo amekuja mwanamke nisiyemjua. Mkristo, ana msalaba shingoni, mnene, miguu ina matope ya ufukweni. Bi Saidati alikuwa ameenda sokoni. Akasema anaitwa Mukagatare, anauza pombe ya ndizi chini kule wanakofunga mitumbwi, na amekuja kunipa pole. Alikuwa na furushi la gunia mgongoni, amelifunga kwa mbeleko kama mtoto.

Kwamba Faradji anakunywa nilijua. Mke hujua. Alitafuna karafuu mpaka fizi zikawa nyeusi, na mimi ndiye niliyedeki matapishi nikaambiwa ni dawa. Kwa hiyo nilipomwona muuza pombe sikushtuka. Nilifikiri amekuja kudai.

Akafungua gunia. Karabai ya msikiti.

"Mama, mi sitaki kitu ya mutu amekufa," akasema. "Alileta yeye mwenyewe. Alisema hawezi kunywa mu giza, atamwaga. Nikamuuliza, Shehe, hii si iko ya musikiti? Akasema ya musikiti iko yake."

Nikamwuliza alileta lini. Akasema kabla ya Noeli, mvua ndogo zilipokuwa zimekolea. Nikamwuliza kama alisikia habari za Nyirahabimana. Akatazama chini. Alisikia. Pwani yote ilisikia. Lakini Shehe alimwambia ni mambo ya Waislamu.

"Nikisema, nani ataamini mi? Mi nauza pombe."

Nikampa chai. Ina sukari. Alipoondoka niliisukuma karabai chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala Faradji.

Jumanne, 23 Machi

Sikula. Nafikiri jambo moja tu.

Alisoma halbadiri huku akijua. Alikaa mbele ya watu, akanyanyua mikono, akamwapiza aliyeiba karabai – naye ndiye. Ama hakuamini hata herufi moja ya alichosoma. Ama aliamini, na akasoma hivyohivyo, kwa sababu kushindwa mbele ya mfagiaji kulimtisha kuliko Mungu.

Jibu ninalo. Tangu Januari, kila asubuhi, kabla hata ya kunijibu salamu, alikuwa akivuta kanzu juu na kuniuliza: limepungua? Sauti ndogo, ya kuomba. Nami nilikuwa nikimjibu: limeongezeka. Nilikuwa nikimjibu kwa raha. Miaka ishirini aliniita kisima kikavu mbele ya wageni, nami nikapata asubuhi zangu chache za kumwambia limeongezeka.

Aliamini. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza kama Mungu amekwisha kumwona. Angeweza kupona kwa sentensi moja barazani – ini lisingepona, lakini yeye angepona. Hakuisema. Alimwacha yule mwanamke atazamwe kiuno hadi mwisho.

Namchukia. Nimeandika sasa, na mbingu haijaanguka.

Ijumaa, 26 Machi

Nimemwita Dauda. Alikaa upande wa pili wa pazia, kama sheria inavyotaka, nikaona vidole vya miguu yake tu. Nikamwambia yote: Mukagatare, pombe, karabai. Vidole vikajikunja.

Kisha: "Bon, sawa. Shemeji, lete hiyo taa. Nitaitupa mu ziwa."

Nikasema hapana. Nikasema ninachotaka ni kwamba asimame mbele ya watu aseme Nyirahabimana hakuiba, basi. Hata pombe asiitaje.

"Na watauliza nani aliiba."

"Watauliza."

Hapo akasema maneno mengi, na sitaki kumdhulumu, mengine yalikuwa ya kweli. Kwamba nchi hii yote ni ya mapadri, na sisi tunakaa kampini kama wageni ingawa tumezaliwa hapa. Kwamba shule wanatunyima na kazi wanatunyima, na kitu kimoja tulicho nacho ni kusema kwamba sisi hatunywi. Wakisikia Shehe wetu mwenyewe alikufa kwa pombe watacheka misa nzima, na mzungu atasema donc, kumbe Waislamu ndio hawa. "Utamuokoa mwanamuke mumoja, utatuua sisi wote."

Nikamwuliza ameuawa nani hapo, na halbadiri ilisomwa na nani.

"Ngoja arobaini ipite," akasema. "Sasa mutu iko kwa hesabu yake kaburini, we unamuongezea mawe. Kisha arobaini, sema yote unataka. Mi mwenyewe nitakusikiliza."

"Kisha arobaini atakuwa Goma."

"Goma iko hapa tu. Mutu anaenda kwa miguu."

Ndiyo Dauda huyo. Kabla ya kuondoka akakumbuka kunieleza, kwa upole kabisa, kwamba nyumba hii ni mali ya msikiti, na msikiti unamwachia mjane wa Shehe aliyeheshimika akae mpaka afe. Mjane mwenyewe hana hata mtoto. Alirudia neno aliyeheshimika ili nisije nikalipita.

Jumapili, 28 Machi

Bi Saidati akifagia ameigonga karabai. Akainama, akaitazama, akainuka, akaendelea kufagia pembeni yake. Nikamwuliza ameona nini.

"Nguo," akasema.

Alhamisi, 1 Aprili

Nyirahabimana amekuja. Amepita mlango wa uani, amebeba samaki amewafunika kwa majani ya mgomba. Wanawake waliokuwapo wakainuka wote pamoja, wakakumbuka watoto wao, wakaondoka. Bi Saidati akabaki mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Simpendi huyu mwanamke. Niliandike nalo. Ana macho ya kukodoa na anaongea kama anayegombana hata akisalimu. Nilitegemea nitamwambia habari za karabai, naye atalia, nami nitamnyamazisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani kabisa.

Nikamwambia. Akasikiliza bila kupepesa.

"Mama Shehe, nyamaza na taa yako."

Nikadhani hakuelewa. Nikarudia: Shehe mwenyewe ndiye aliyechukua, na alikufa kwa ini, kwa pombe.

"Hapana. Ni mi nilimuua." Akagonga kifua. "Kila alfajiri, kisha kusali, nilikuwa nasema: Mungu, rudisha hiyo halbadiri kwa mwenyewe. Mi sijui Kiarabu mingi, nilisema na Kinyarwanda. Akavimba. Usininyang'anye."

Akaniambia tangu maiti itoke watu wanamsalimu. Wanaogopa, lakini wanasalimu. Mwenye duka amempa chumvi bila kumkopesha, amempa tu. Nikisema ini, nikisema pombe, yeye atakuwa nani? Maskini aliyesingiziwa. Maskini aliyesingiziwa amekwisha kuwa, miezi minne, na hakuna aliyempa hata kaa la moto.

Nikamwuliza: na watoto? Na nyumba? Wiki ijayo watakuvusha.

Hapo ndipo akatulia. Akapanga majani upya juu ya samaki, ingawa hawakuwa wamefunuka. Akasema mkubwa anakohoa. Akasema Goma hawajui mtu, ni moshi wa volkano tu wanaoujua. Kisha akakasirika upya: "Musinifukuze basi! Muniogope na munibakishe!"

Mimi nami nikakasirika. Yaani nimemhudumia yule mtu miaka ishirini, nimemlisha, nimedeki matapishi yake, nimekaa naye na tumbo lile usiku na mchana, halafu aje muuza samaki aniambie kifo ni chake? Faradji alijiua mwenyewe, kwa chupa na kwa woga. Kama kuna mtu aliyemsaidia ni mimi, kwa neno limeongezeka. Nikamwambia hivyo hivyo. Tukatazamana kama wake wenza.

Akaacha samaki. Nimewala. Walikuwa wazuri.

Jumatatu, 5 Aprili

Bi Saidati anazunguka jambo tangu juzi. Leo akalitoa wakati ananisuka.

"Mwanangu, mi najua unasema kweli. Lakini kweli iko na siku yake. Leo ungali na harufu ya sanda."

Nikamwambia siku ya kweli ni kabla mtu hajavushwa barriere. Akivushwa inakuwa hadithi. Watu watatikisa vichwa, watasema masikini, alionewa, kisha wataomba waongezewe chai.

Akavuta nywele kwa nguvu zaidi. Akasema na mimi nisijifanye, hata nikiwa na haki, ninachotaka ni kumvua nguo marehemu mbele za watu.

Sikubisha. Nataka vyote viwili. Ningekuwa mtu mwema ningetaka kimoja.

Alhamisi, 8 Aprili

Wamechinja. Wamefunga turubai uani. Dauda amemtuma Bi Saidati aniulize kama nimempa mtu ile nguo iliyo chini ya kitanda. Nimesema bado naivaa.

Tumbo langu linauma. Najitazama, mjinga mimi. Liko bapa.

Ijumaa, 9 Aprili

Naandika nyuma ya pazia. Wanaume wamejaa mpaka barabarani, wamekuja hata wa Goma. Hitima imesomwa. Pilau imeiva, wanaikodolea macho.

Nyirahabimana amesimamishwa langoni na wasichana wake, mizigo kichwani. Wamemwambia asikie dua kwanza, ndiyo huruma yao. Mkubwa anakohoa kweli. Wanaopita karibu yao wanakusanya kanzu zisiwaguse.

Dauda ameuliza kama inavyoulizwa: marehemu mlimjua vipi? Wakajibu, mtu mwema. Mara ya pili. Mara ya tatu wamepaza sauti, na mwanaume mmoja wa mbele amelia. Langoni nimemwona Nyirahabimana midomo inamcheza. Sijui kama anajibu nao au anamwapiza mtu mwingine.

Sasa ni zamu yangu. Kwa desturi ya kampi mjane huulizwa kabla ya dua kama amemsamehe mumewe, na mwanamke mwingine hulibeba jibu lake akalisema mbele ya wanaume. Bi Saidati ameingia, amevaa kanga mpya.

"Wanakungojea. Sema tu umemusamehe, mwanangu, nipeleke, tukule."

Nimemwuliza, nikisema hapana nitalala wapi kesho. Ameelewa. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda, visigino vinagusa nilichokificha. Kisha akasema kwake kuna nafasi, ila paa linavuja.

Nje Dauda anakohoa. Anakohoa tena. Ameanza dua bila kungoja jibu langu! Anaomba haraka, sauti juu, anamwombea Faradji kaburi pana na nuru ndani yake, na wao wanameza mate wakingoja mahali pa kuitikia.

Nimemwambia Bi Saidati: toka ukawaambie wasiitikie amina. Bado.

Ameniangalia usoni, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Naisikia sauti yake, nyembamba: wasiitikie amina, bado. Dua imesimama. Dauda anauliza nani amesema hivyo. Hata pilau hakuna anayeikoroga.

Wanalitazama pazia langu. Miguu imekufa ganzi kwa kukaa. Nangoja ipate damu, niinuke na karabai.